Deni Lisilokufa: Wafanyakazi wa Iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Familia Zao na Hukumu ya Haki Iliyochelewa

 

Wanahistoria wanapoandika juu ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, aghalabu hueleza ugomvi wa marais, tofauti za siasa za uchumi na mgawanyo wa ndege, meli na vichwa vya treni. Watu walioamka siku moja wakakuta mwajiri wao hayupo tena hutajwa kwa mstari mmoja au miwili tu. Sisi tumeona tuwaanze hao, kisha tutazame sheria ya Kiislamu inasema nini juu ya haki yao. Jambo hili si la kihistoria peke yake. Mpaka leo maimamu wetu huletewa mirathi ambazo mzizi wake ni kazi iliyokatika mwaka ule.

Jumuiya na waajiriwa wake

Ushirikiano wa nchi zetu tatu haukuanza na uhuru. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1948 shughuli za reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya uongozi mmoja. Hivyo mkataba uliotiwa saini mjini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na kuanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo ulikuta tayari kuna maelfu ya watu wanaofanya kazi bila kujali mpaka.

Makao makuu ya Jumuiya yaliwekwa Arusha. Shirika la Reli na Shirika la Ndege yalikuwa na makao Nairobi, Shirika la Bandari lilikuwa Dar es Salaam, na Shirika la Posta na Simu lilikuwa Kampala. Mtu wa Tabora aliweza kuajiriwa akapelekwa Nairobi, na mtu wa Mombasa akafanya kazi Dar es Salaam. Watu walihama na familia zao, wakaoa huko walikohamia, wakazaa, na watoto wakasoma huko.

Tuangalie pia namna ajira ile ilivyokuwa. Mfanyakazi wa reli hakupata mshahara tu. Mara nyingi alipewa nyumba katika makazi ya shirika, na kila mwaka wa utumishi ulimwongezea haki ya malipo ya uzeeni. Sehemu ya jasho lake, kwa maneno mengine, haikulipwa mwisho wa mwezi bali iliwekwa mbele, imngojee siku atakapokuwa hana nguvu. Nukta hii tutairudia, kwani hukumu yote imejengwa juu yake.

Kuvunjika

Tangu Idi Amin alipochukua serikali ya Uganda mnamo Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye, na Mamlaka ya marais watatu iliyokuwa juu ya Jumuiya haikukutana tena. Mashirika yakaanza kugombania fedha: kila nchi ilishikilia mapato yaliyokusanywa ndani yake. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisimama, Kenya ikaanzisha shirika lake, na mwezi Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Kati ya mwaka huo Jumuiya ikawa imekwisha. Mpaka ule haukufunguliwa hadi Novemba 1983.

Kila nchi iliunda mashirika yake. Tanzania ilianzisha shirika lake la reli, mamlaka ya bandari, shirika la posta na simu, na shirika la ndege. Ni haki tuseme kwamba wafanyakazi wengi walichukuliwa na mashirika hayo mapya, wakaendelea na kazi. Hata hivyo wapo waliopoteza kazi moja kwa moja. Na hata walioendelea walibaki na swali zito: ile miaka kumi, kumi na mitano au ishirini waliyoitumikia Jumuiya, malipo yake ya uzeeni yapo kwa nani?

Swali hilo halikujibiwa upesi. Mpatanishi kutoka Uswisi, Dakta Victor Umbricht, alifanya kazi miaka kadhaa ya kugawanya mali na madeni. Mkataba wa upatanishi ulitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984, ukaigawia Kenya asilimia 42 ya mali, Tanzania asilimia 32 na Uganda asilimia 26. Kuhusu wafanyakazi, kila nchi ilichukua dhima ya kuwalipa raia wake. Kwenye karatasi jambo lilikuwa limekwisha.

Lakini wapo waliolipwa sehemu, wapo waliosema hawakulipwa, na serikali na wastaafu walihitilafiana juu ya kiasi. Nchini Tanzania wastaafu walifungua kesi mwaka 2003. Mwaka 2005 yakafikiwa makubaliano mahakamani, na serikali ikakubali kulipa takriban shilingi bilioni 117 kwa wastaafu zaidi ya 31,000. Hata baada ya hapo, katika miaka iliyofuata, wazee walionekana zaidi ya mara moja wakiandamana na kukaa barabarani jijini Dar es Salaam, wakidai kwamba walichopewa sicho kilichoafikiwa. Kutoka mwaka 1977 hadi 2005 ni miaka 28. Mtoto aliyezaliwa siku Jumuiya ilipovunjika alikuwa keshakuwa mzazi.

Yaliyoifika familia

Ili kuufahamu uzito wa miaka ile, ni lazima tukumbuke hali ya nchi. Mwaka 1978 ikaanza vita na Amin. Baada ya vita bidhaa ziliadimika, na watu walipanga foleni kwa sabuni, sukari na unga. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya Nguvu Kazi, ambapo asiyekuwa na kazi inayotambulika mjini aliweza kukamatwa na kupelekwa kijijini. Mtu aliyepoteza kazi katika wakati kama huo hakupoteza mshahara peke yake. Alipoteza nyumba ya shirika, alipoteza cheo chake mtaani, na pengine hata uhalali wa kuonekana mjini.

Aliyekuwa na mke upande wa pili wa mpaka alipata mtihani mwingine. Kwa zaidi ya miaka sita mpaka ulifungwa, na familia zilizozoea kwenda na kurudi zikatenganishwa na siasa ambazo hazikuwahusu.

Ni nani aliyebeba nyumba hizo? Kila anayeijua miji yetu ya miaka ya 1980 anajua kwamba wengi wao walikuwa wanawake. Biashara ya vitumbua, maandazi, barafu, mkaa na kushona, ambayo zamani ilikuwa ya kuongezea tu, iligeuka ndiyo chakula cha mchana na ada ya shule. Mume alikuwepo, lakini mkono wake ulikuwa mtupu, na mwanamume aliyezoea kuleta alijikuta akiletewa. Wapo waliovumiliana na nyumba ikasimama, na wapo walioachana. Wapo wazee waliofia kwenye safari za kufuatilia mafaili.

Yote haya yana mfano katika zama bora. Zaynab (r.a.), mke wa Abdullah bin Mas'ud (r.a.), alikuwa akimtumilia mumewe na mayatima waliokuwa chini ya ulezi wake, kwa kuwa mume hakuwa na kitu. Alipotaka kujua kama hiyo inafaa kuwa sadaka, Mtume (s.a.w.) alibainisha kwamba ana thawabu mbili, ya udugu na ya sadaka. Bukhari na Muslim wameipokea. Hapa tunapata funzo kubwa: Mtume (s.a.w.) hakuichukulia kazi ya mwanamke yule kama wajibu wake wa kawaida. Aliihesabu kuwa ihsani, na ihsani haigeuzwi kuwa wajibu kwa sababu tu imezoeleka.

Haki ya mfanyakazi ni deni

Sasa tuingie katika hukumu. Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) juu ya ujira yanajulikana: mfanyakazi alipwe kabla jasho halijamkauka, kama alivyopokea Ibn Majah, na katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari, miongoni mwa watatu ambao Allah (s.w.) atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake.

Mafakihi wamejenga juu ya hayo kwamba ujira ukishastahiki huwa ni deni katika dhima ya mwajiri. Malipo ya uzeeni yaliyo sehemu ya mkataba wa kazi hayatoki nje ya hukumu hiyo. Si zawadi, wala si huruma kwa wazee. Ni ujira ulioakhirishwa.

Je, deni hufa mwajiri anapoondoka? Historia ya Uislamu inajibu. Mtume (s.a.w.) alimwahidi Jabir bin Abdillah (r.a.) kwamba mali ya Bahrain itakapofika atampa kiasi fulani. Mali haikufika mpaka Mtume (s.a.w.) akafariki. Abu Bakr (r.a.) aliposhika ukhalifa na mali ikaja, akatangaza kwamba mwenye deni au ahadi kwa Mtume (s.a.w.) na afike. Jabir akaja na kueleza. Abu Bakr akamwambia achote kwa mikono miwili, zikahesabiwa zikawa dirhamu 500, kisha akampa mara mbili yake. Angalia, ndugu msomaji: ile ilikuwa ahadi tu, wala haikuwa ujira wa kazi, lakini khalifa aliona kwamba anayerithi uongozi anarithi na dhima zake. Ikiwa ahadi ilitimizwa hivyo, vipi ujira wa mtu aliyetandaza reli au kupakua meli kwa miaka ishirini?

Thamani ya shilingi iliyochelewa

Linakuja swali gumu zaidi. Mwaka 1977 dola moja ya Marekani ilikuwa takriban shilingi 8 za Tanzania. Mwaka 2005 ilikuwa zaidi ya shilingi 1,100. Shilingi 1,000 zilizokuwa na thamani ya dola zaidi ya 100 zikawa hazifiki dola moja. Je, mdaiwa analipa idadi ile ile au thamani ile ile?

Kauli mashuhuri ya wanazuoni wengi ni kwamba deni hulipwa kwa mfano wake, yaani idadi, kwa kuogopa mlango wa riba. Hivyo ndivyo ilivyoamua Akademi ya Kimataifa ya Fiq-hi katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988. Kwa upande mwingine, Imam Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alisema kuhusu sarafu zisizo za dhahabu wala fedha kwamba zikibadilika thamani huangaliwa thamani yake, na Ibn Abidin akaifafanua kauli hiyo katika karne ya 13 Hijria.

Sisi hatutoi fat'wa katika jambo la kimahakama. Lakini tunaona kwamba asili ya kulipa idadi inamlinda mdaiwa asiyekuwa na kosa asitozwe ziada. Haikuwekwa ili mwenye uwezo acheleweshe mpaka deni liyeyuke, kwani Mtume (s.a.w.) ameita ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhulma. Na sulhu iliyoridhiwa na pande mbili ina nafasi pana katika sheria. Tunakumbuka pia kisa cha watu watatu wa pangoni: mmoja wao aliuendesha ujira ambao kibarua wake aliuacha, ukazaa ng'ombe, ngamia na mbuzi, na kibarua aliporudi baada ya muda mrefu akampa vyote. Wanazuoni wamesema hilo halikuwa wajibu wake bali ukarimu. Sawa, lakini ni kwa ukarimu huo ndipo alipoomba mwamba usogee, nao ukasogea.

Ilipokuja fedha, nyumba haikuwa ile ile

Wengi waliostahiki hawakuwa hai siku ya malipo. Fedha iliwafikia wajane na watoto, na hapa ndipo makosa yalipotendeka na yanapoendelea kutendeka. Tunawaomba maimamu wayazingatie mambo haya matatu.

La kwanza: warithi huangaliwa siku ya kifo, si siku ya malipo. Haki ya marehemu iliingia katika tirka yake siku alipofariki, hata kama fedha ilikuja miaka kumi na sita baadaye. Tuseme mzee alifariki mwaka 1990, akaacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Mtoto mmoja wa kiume akafariki mwaka 1998 akiacha mayatima. Fedha ikaja mwaka 2006. Familia nyingi hugawana waliopo hai, na kuwaambia mayatima kwamba baba yao alitangulia. Hiyo ni dhulma. Baba yao alikuwa hai siku babu alipofariki, basi fungu lake ni lake, na linagawiwa kwa warithi wake, wakiwemo mayatima hao, mama yao, na bibi yao ambaye ni mama wa marehemu. Vivyo hivyo mjane aliyeolewa tena baada ya eda hapotezi fungu lake kwa mume wa kwanza.

La pili: madeni hutangulia mirathi, na miongoni mwa madeni ni nafaqa ya mke. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani na bara, nafaqa ya mke ni haki ya kila siku: mume mwenye uwezo hutoa vibaba viwili, wa kati kibaba kimoja na nusu, na asiye na uwezo kibaba kimoja, pamoja na mavazi na makazi. Mume akishindwa hata na hicho, mke ana haki ya kwenda kwa kadhi. Mume hupewa muhula wa siku tatu, kisha ndoa huweza kuvunjwa. Akiamua kusubiri, basi nafaqa ile haipotei bali inakuwa deni juu ya mume. Haya yamo katika Minhaj ya Imam Nawawi na vitabu vinavyosomeshwa katika madarasa yetu.

Matokeo yake ni makubwa. Mama aliyejilisha kwa vitumbua vyake miaka kumi, akasubiri wala hakusamehe, ni mdai katika tirka kabla hajawa mrithi. Turudi kwenye mfano wetu. Fedha ni shilingi 5,000,000, na deni la nafaqa likathibiti kuwa shilingi 1,000,000. Mama huchukua kwanza 1,000,000 zake. Zilizobaki ni 4,000,000. Thumni yake ni 500,000. Zinabaki 3,500,000 kwa watoto: kila mwanamume 1,400,000 na binti 700,000. Kumpa mama thumni tu bila kumuuliza juu ya deni lake ni kumpunguzia haki aliyopewa na sheria.

Hapa pana mpaka unaohitaji uangalifu. Alichowatumia watoto, katika madhehebu hayo hayo, hakigeuki kuwa deni kwa kupita muda, ila kadhi awe aliamuru au aliruhusu kukopa. Hicho ni katika ile ihsani ya Zaynab (r.a.), na malipo yake yapo kwa Allah (s.w.). Na mke akisema amesamehe, basi amesamehe, ila msamaha uwe wa hiari. Asiaibishwe mbele ya wanawe mpaka aseme asichokitaka. Imam amuulize faraghani.

La tatu: zaka. Wapo wazee waliojitia hofu kwamba wanadaiwa zaka ya miaka yote 28. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala kati ya mwaka 99 na 101 Hijria, aliandika juu ya mali iliyochukuliwa kwa dhulma na mmoja wa magavana wake, akaamuru irudishwe kwa wenyewe na itolewe zaka ya miaka iliyopita. Kisha akaifuatishia barua nyingine: itolewe zaka mara moja tu, kwa kuwa ilikuwa mali isiyofikika. Katika madhehebu ya Shafi'i, kauli yenye nguvu juu ya deni lililothibiti ni kutoa kwa miaka yote pindi lipatikanapo. Ama Akademi ya Fiq-hi katika kikao cha Jeddah mwaka 1985 iliamua kwamba deni lililo kwa mdaiwa fukara au mcheleweshaji, zaka yake ni baada ya mwaka kupita tangu kulipokea. Kwa mzee ambaye hata kiasi chake hakikujulikana mpaka mahakama ilipohitimisha, uamuzi huu wa mwisho ni mwepesi na una hoja.

Hitimisho

Jumuiya mpya ilizaliwa kwa mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999, ikaanza rasmi Julai 2000. Leo vijana wetu wanavuka tena mipaka kutafuta kazi, na hilo ni jema. Lakini historia hii inawataka wanaotia saini mikataba wakumbuke kwamba nchi zinaweza kugawana mali kwa asilimia, ama jasho la mtu haligawanyiki mpaka alipwe yeye.

Na kwa ndugu zetu maimamu, msikiti hauna uwezo wa kuzuia shirika lisifungwe. Unao uwezo wa mambo manne. Mtu akipoteza kazi, jirani zake wamjue kabla hajaanza kukwepa safu ya swala kwa aibu ya madeni; na fungu la mafukara na la wenye madeni katika aya ya 60 ya Suratut-Tawba limewekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Ahimizwe kuandika haki zake na kuhifadhi barua zake za ajira, kwani waliopoteza karatasi waliteseka zaidi. Wanandoa wafundishwe kwamba mkono wa mke unapobeba nyumba, huo ni wema unaostahiki kutajwa na kushukuriwa. Na fedha inapokuja imechelewa, isigawiwe kwa haraka ya msibani, bali kwa mpangilio wa sheria: madeni, wasia, kisha mirathi.

Wazee wengi wa 1977 wameshatangulia mbele ya haki. Deni lao ama limelipwa, ama linasubiri mahakama ambayo faili lake halipotei. Tunamuomba Allah (s.w.) awarehemu, awalipe wake zao kwa subira yao, na atujaalie tusiwe miongoni mwa wanaozuia ujira wa mtu.

Wallahu a'lam.